Hakufika

Ofisini Wete, chumba cha nyuma,
feni inazunguka kwa kulalamika
na ramani ya Pemba imetandazwa mezani,
kokoto nne zikiibana pembe.
Hamdani anasoma daftari, mimi naweka vitone.
Chekundu: damu kwenye mkojo.
Cha buluu: konokono wameonekana.
Cha kijani ni pale tuliponywesha dawa,
watoto wakapimwa kwa fimbo badala ya mizani,
kimo kikasema vidonge viwili, vitatu,
na uchungu wake ukatemwa nyuma ya choo cha skuli.

Tumeanza na mwaka huu, tunarudi kinyumenyume.
Vitone havijui mpaka wa sheha.
Vinafuata maji:
vinashuka na mto Chambeya hadi bonde la mpunga,
vinapinda pale wanapofulia kina mama,
vinajazana kwenye shimo la mkandarasi
aliyechota udongo wa barabara akaenda zake,
masika yakalimiliki.

Weka mwaka juu ya mwaka,
karatasi nyembamba juu ya nyembamba,
uinue dirishani:
utauona ugonjwa unapumua.
Unajaa baada ya mvua, unanywea kiangazi,
na karafuu zikiiva unahama,
unatokea makambini, kwenye kijito kisicho na jina,
kisha unarudi nyumbani na mshahara.
"Huu una miguu," anasema Hamdani.
"Hauna. Unapanda yetu."

Kuna shehia moja nyeupe.
Mchangawima. Miaka saba, hata kitone.
Mgeni wa kutoka Unguja aliigonga kwa kalamu yake,
"Hapa mmefanikiwa."
Nilinyamaza. Hapo ndipo kilipozikwa kitovu changu.
Namjua karani wa kituo, marehemu Sharwan,
alivyougua, kabati likafungwa na ufunguo ukapotea,
mchwa wakasoma kwa niaba yetu.
Weupe si uzima.
Weupe ni pale ambapo hakuulizwa mtu.

Leo kabati limevunjwa.
Chini kabisa, chini ya vumbi la vitabu,
daftari moja lenye jalada la kitambaa,
mwaka wa themanini na sita, wino umekuwa kahawia.
Hamdani anasoma bila kujua anachosoma:
"Thelathini na moja. Mize Shaame, miaka tisa. Damu, ndiyo."
Mkono wangu unabaki hewani na kitone chake.
Nalikumbuka kopo la maziwa ya unga,
joto lake viganjani, na nambari kwenye plasta,
nami nimelifunika kwa ushungi njia nzima.

"Thelathini na mbili. Ngwali Shaame, miaka kumi na miwili.
Hakufika."

Alikuwa juu ya mshokishoki nyuma ya kituo.
Nilimwona, nikaona na nyayo zake, sikusema.
Wavulana waliambiana ndio ukubwa huo,
asiyekojoa damu bado mtoto.
Alioga Chambeya hadi alipooa.
Thelathini na nne hakuimaliza. Kibofu.
Hospitali walitaja neno refu;
mama akasema, "Kajaaliwa,"
akaukunja mkeka.

"Huyu nimtie rangi gani?" anauliza Hamdani.
Hakuna rangi.
Nachukua penseli, nachora duara tupu
mto unapopinda, karibu na jiwe la kufulia.
Dogo. Ukipuliza vumbi la ufutio halionekani.
"Duara halimo kwenye maelezo ya ramani."
"Litie."
"Niandike nini? Hakufika?"

Umeme umekatika. Feni inapunguza, inapunguza,
na karatasi zote zinatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
Nje mtu anamwita mtu.
"Andika: hatukufika."

Anaandika, kwa ule mwandiko wake wa mguu wa kuku.
Kisha ananiuliza ya Jumatatu, safari ya Mchangawima,
gari lichukue nini.
Makopo mia mbili, namwambia.
Plasta. Kalamu zisizofutika.
Na ngazi.